Mwaka Ambao Hatukuomba Moto

Siku tuliyomzika shemeji yangu Zakaria, mhubiri alisimama kando ya jeneza akasema, mara tatu kwa hesabu yangu, kwamba marehemu aliishi kwa imani na maisha yake yote hakuwahi kumwomba binadamu kitu. Mara ya tatu nilicheka. Sikukusudia. Mjukuu wangu aliyekaa ubavuni kwangu alinifinya paja nikajifanya nakohoa, lakini mama mmoja wa safu ya mbele aligeuka akanitazama kwa jicho la kukaangia samaki. Nilimpenda Zakaria, na nilimchukia pia, na mambo hayo mawili yamekaa ndani yangu miaka mingi bila kugombana. Tangu siku hiyo vijana wa kanisani wanakuja nyumbani kuniuliza mwalimu wao Zakaria aliwezaje kuishi bila mshahara, na wao wafanyeje ili fedha isiwe bwana wao. Wanakuja na madaftari. Nawapa chai, nawapa habari ya Kismayo, na wengi hufunga madaftari kabla sijafika katikati.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Kenya nikakaa na dada yangu na mumewe huko Kismayo, Somalia, nimesoma madarasa manne tu, na ndoto nilizokuwa nazo zingejaza maghala ya bandari. Nilijiona mwalimu mkuu wa shule ya wasichana yenye madirisha ya rangi ya samawati, nikifundisha kwaya ambayo hata Wataliani wangesimamisha motokaa zao kuisikiliza. Ulikuwa wakati wa Mtaliani, ule wa pili, aliporudi kwa karatasi ya Umoja wa Mataifa na kila mtu akijua siku zake zinahesabika. Zakaria alikuwa karani katika ghala la mmoja wao, mtu wa kusafirisha ndizi za mto Juba. Siku moja alirudi nyumbani kabla ya adhuhuri, kalamu bado mfukoni, akasema ameacha kazi, kwa sababu Mkristo anayeegemea mshahara ana mabwana wawili. Dada yangu Naomi, mkewe, alikuwa akikanda unga.

"Umemwambia unaacha, au umeacha tu?" akauliza.

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

"Basi yuko mmoja aliyefurahi," akasema Naomi, akaendelea kukanda.

Tulikuwa wawili tuliofurahi, ukweli usemwe. Mimi nilipiga makofi. Zakaria alichukua kipande cha mkaa akaandika ukutani, juu ya kitanda, kwa mwandiko ule mzuri wa karani: hatutamwomba mtu, hatutakopa, shida zetu hatutamwambia mtu, zote atapelekewa Mungu. Niliyasoma maneno yale kila asubuhi nikivaa, na nilidhani sijapata kuona kitu kizuri kama hicho kimeandikwa kwa mkaa. Kodi ya chumba alikuwa ameilipa mwaka mzima mbele. Kwa mshahara wa mwisho alinunua pakiti kubwa ya viberiti, chumvi, na sabuni, ili tusimsumbue jirani, akasema kuanzia hapo sisi ni watu huru.

Chumba chenyewe kilikuwa ndani ya ua wa Bi Mwanaesha, mjane wa Kibajuni kutoka kisiwa cha Kudha, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, aliyesuka mikeka mchana na kuzalisha wanawake wa mtaa mzima saa yoyote waliyomwita. Kaka yake, Shee, alichonga madau hapo uchochoroni nje ya lango, na sauti ya tezo lake ilikuwa ndiyo saa yetu. Kati ya chumba chetu na jiko la Bi Mwanaesha palikuwa na kiambaza cha makuti tu. Ulipita moshi, uliruka ukali wa pilipili, na maneno yalipita yote. Alisema "mchu" pale mimi niliposema "mtu", nami mwanzoni nilikuwa nikimcheka nikiwa nimejifunika shuka, na yeye upande wa pili akisema, "Huyo bwege anacheka nini asubuhi yote hii?" lakini kwa sauti ya mtu anayetabasamu. Hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza. Tulikula vizuri mwezi wa kwanza. Yona, mpakizi wa ndizi aliyekuwa mwenzetu katika dini, alileta kila Jumapili mkungu uliokataliwa na Mtaliani kwa kuwa na madoa, na Naomi alizipika kwa nazi na ng'onda kidogo, samaki mkavu. Zakaria alifumba macho na kusema, "Mnaona? Nani alimwomba Yona?" Kweli hakuna aliyemwomba. Nikawa nawaonea huruma watu wote wenye mishahara.

Kosa letu tulilifanya asubuhi ileile ya kwanza, na lilikuwa kosa ambalo wasingeweza kulifanya ila watu wa imani kama sisi. Katika ua ule viberiti vilikuwepo, duka lilikuwa kona ya pili, lakini hakuna mwanamke aliyewasha jiko la asubuhi kwa kiberiti. Moto uliombwa. Aliyeamka wa kwanza alifukua makaa yake ya jana, na wenzake wakamwendea, kila mmoja na kigae cha chungu kilichovunjika, wakapewa kaa moja au mawili. Wala mtu hakuchukua kaa akaondoka. Alichuchumaa akalipuliza, na huku akilipuliza akasema mtoto wake alilalaje, mumewe kaamka na hasira gani, mgongo unamuuma upande upi. Habari za ua mzima zilipita mle kabla chai haijachemka. Asiyekuja siku mbili tatu alitumiwa mtoto kuulizwa kama ni mgonjwa au amenuna. Sisi tulipiga kiberiti chetu ndani, tukafunga mlango kwa ajili ya upepo.

Siku ya nne mtoto alitumwa. Zakaria alimjibu mlangoni, kwa upole kabisa: "Mwambie mama yako hatuna haja. Mungu ametupa." Mtoto akayabeba maneno kama alivyopewa, na nyuma ya makuti nikamsikia Bi Mwanaesha.

"Hawana haja? Na moto, au na sisi?"

"Na sisi," akasema mwanamke mwingine. "Hao makafiri, moto wetu wauona najisi."

"Nyamaza, Mtaliani ni kafiri, na jana alikuja hapa kuniomba ndimu. Huyu wetu ni kiburi tu."

Nilimwambia Zakaria niliyoyasikia. Akasema tusijali, watu wa Mungu huchukiwa. Nami nikajali kwa siku moja hivi, halafu nikarudi kwenye shule yangu ya madirisha ya samawati.

Kisha ikaja hadithi ya unga. Zakaria aliomba kila asubuhi kwa sauti ya mimbarini, akimtajia Mungu vitu kimoja kimoja: Bwana, unajua unga umekwisha, Bwana, unajua Naomi ni mjamzito na hana maziwa. Makuti hayakuzuia neno. Bi Mwanaesha, ambaye kiburi chetu kilikuwa kimemkera miezi miwili, alisikia habari ya unga, akajaza kapu akaliweka mlangoni kwetu. Tulipofungua, Zakaria alipiga magoti palepale kizingitini, ua mzima ukiona, akashukuru mbingu kwa dakika nyingi. Hakugeuza shingo kumtazama mwanamke aliyesimama hatua kumi kutoka pale na unga bado kwenye mikono. Alifanya hivyo mara tatu, kwa unga, kwa maziwa, kwa kipande cha papa. Mara ya nne haikuwepo. Nilimsikia akimwambia kaka yake, na safari hii sauti haikuwa na tabasamu lolote:

"Yeye akiomba kwa sauti vile, amwambia Mungu au atwambia sisi? Kama ni Mungu, Mungu si kiziwi. Kama ni sisi, basi atwangalie usoni."

"Mimi nilikwambia," akasema Shee. "Wachu hawa wala, na mkono uwapao wauona kama upepo umepita."

"Mimi pia namshukuru Mungu kwa unga. Lakini unga nimeutwanga mimi, na mabega yaniuma mimi."

Kuanzia hapo ua ulitufunga. Nikifika kisimani, wanawake walinyamaza, na ndoo ilikuwa na mwenyewe ghafla. Shee akituona uchochoroni aligeuka ukutani mpaka tupite. Mtoto yule aliyetumwa zamani alijifunza kuigiza sala ya Zakaria, macho juu, mikono juu, "Bwana, unajua sina peremende," na watu wazima walicheka bila kumkataza. Mimi nilikuwa mtu wa kusalimia kila kuku; kukosa kusalimiwa kuliniuma kama njaa. Na njaa nayo ilikuja, maana mvua ziliharibu njia ya Juba na Yona hakuonekana Jumapili tano. Viberiti vililoa. Tulikula mahindi yaliyolowekwa, tukiyatafuna kama punda, na upande wa pili wa makuti harufu ya mafuta ya simsim ilipanda, na makaa yakilia mwaa! kila tone la samaki lilipoyaangukia. Nilimwambia Zakaria, "Shemeji, kaa moja tu." Akasema, "Tukianza na kaa, tutaishia wapi?" Nalikumbuka swali lile mpaka leo, kwa sababu jibu lake ni jepesi. Tungeishia jikoni kwa Bi Mwanaesha.

Hapa ndipo vijana wanaponiuliza, basi bibi, wewe hukuamini? Niliamini, na bado naamini. Tangu nirudi Kenya sijawa na mshahara. Nimeshona, nimepika maandazi, nimelea watoto wa watu, na sijawahi kulala nikiogopa kesho. Lakini huwaambia hivi: ukitaka kuishi kwa imani na si kwa fedha, anza kwa kwenda kwa jirani kuomba chumvi, hata kama unayo. Pika kibaba kimoja zaidi ya mlichozoea na mlango uwe wazi. Ukipewa kitu, mtazame aliyekupa na umtaje kwa jina lake mbele ya Mungu na mbele ya watu. Fanya kazi ya mikono ambayo mtu atakuitia. Ukipata, toa kabla hujaanza kukipangia kile kitu mahali. Ukikosa, sema. Mwenye fedha anaweza kununua kila kitu bila kumjua mtu, na hiyo ndiyo sumu yake. Sasa sisi tulikuwa hatuna senti hata moja na tuliishi vilevile kama matajiri, kila mtu nyuma ya mlango wake. Zakaria aliiacha fedha lakini alibaki na ugonjwa wake. Nikisema hivyo ndipo madaftari hufungwa.

Uchungu ulimshika Naomi alfajiri, mwezi mmoja kabla ya wakati. Nilijua si uchungu wa kawaida, kwa jinsi alivyokuwa akiuma ncha ya mkeka na jasho lake lilivyokuwa la baridi. Zakaria alipiga magoti mbele ya mlango, mgongo wake ukiugusa, akaanza kuomba, na safari hii kwa sauti ya chini. Jua lilipanda. Tezo la Shee lilianza, likanyamaza, likaanza tena. Nilimfuta Naomi uso, nikamwimbia nyimbo zote nilizozijua, na nilipozimaliza nikasema, "Shemeji, tumwite mkunga."

"Mungu anajua njia ya kumleta."

"Yuko nyuma ya makuti haya! Namsikia anakohoa!"

"Basi kama Mungu anataka, atakuja."

Nami nilishangaa mbona haji. Ua mzima ulikuwa ukimsikia Naomi. Nilidhani ni chuki. Niliwaza, wametuchukia mpaka hapa. Baadaye sana ndipo Bi Mwanaesha aliponieleza, na alieleza huku akilia. Mkunga wa kwao haingii nyumba ambayo hajaitwa. Akijiingiza na mtoto akafa, husemwa amekuja na jicho lake baya, na hakuna mwanamke atakayemwita tena. Tangu alfajiri alikuwa ameshanawa, kitambaa begani, wembe mpya na uzi ndani ya kikapu, amekaa juu ya kibao akingoja mtu mmoja kutoka kwetu aseme neno moja. Upande huu mwanamume amekataa kuita, upande ule mwanamke hawezi kuja bila kuitwa, na katikati yao makuti ambayo kidole kingeweza kuyatoboa.

Jua lilikuwa limesimama kichwani nilipomsukuma Zakaria. Sijui nilipata wapi nguvu, alikuwa mtu mzito. Nikafungua mlango, na kwa sababu kichwa changu hakikuwa kizima, nikaokota kigae pale kizingitini nikavuka nacho ua, nikasimama mbele yake nikasema, "Bi Mwanaesha, naomba moto."

"Miezi saba!" Alisimama wima. "Miezi saba mwakaa ndani ya ua wangu kama mizimu, leo ndiyo mwajua kwangu kuna moto? Hayo ndiyo mlezi wenu aliyowafunza, mchu aachwe afe akiuma mkeka? Toka mbele yangu, nipishe!" Alikuwa akinitukana huku tayari yuko katikati ya ua, kikapu mkononi, anakimbia kwa ile miguu yake mifupi. "Chemsha maji, bwege! Waona kaa liko wapi? Chemsha!"

Mtoto alikuwa mwanamume. Alikuwa na nywele nyingi na kucha kamili. Bi Mwanaesha alimpuliza, akamsugua, akampiga nyayo, akamwita kwa majina ambayo sikuyaelewa, muda mrefu, mpaka mwanamke mwenzake akamshika mkono. Kisha akamgeukia Naomi aliyekuwa akivuja damu, na huyo hakumwacha aende. Alimkanda tumbo na kumtukana mpaka damu ikasimama. Dada yangu aliishi, akazaa wengine watatu, na mmoja wao ndiye aliyelipia jeneza la baba yake.

Zakaria alinisubiri nitoke nje kumwaga maji. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa. "Ulimwomba mtu," akaniambia. "Ulishindwa kungoja hata saa moja, na mtoto amechukuliwa." Nilimwaga maji yale. Bi Mwanaesha alikuwa nyuma yangu mlangoni na alisikia. Akasema polepole, bila tusi hata moja, "Baba, mimi nilikuwa tayari tangu adhana ya alfajiri. Ungeligonga kuti." Zakaria aliingia ndani akachukua sahani ya bati akatoka nayo. Maneno yake niliyabeba miaka sita. Kuna mwaka mzima ambao sikuweza kusali bila kuyasikia. Hilo sijamsamehe lote, na sidhani kuna mtu anayenidai nimalize.

Bi Mwanaesha alichana leso yake nyeupe ya sikukuu, tukamfunga mtoto. Nilimbeba mimi, Naomi akiwa hawezi kusimama. Shee alikuwa ametuma neno kwamba nje ya ukuta wa makaburi yao, upande wa mchanga, hapana mtu atakayetukataza. Nilipofika nilimkuta Zakaria amepiga magoti akichimba kwa ile sahani. Juu ni mchanga, lakini chini pale ni mwamba wa matumbawe uliosagika, na alikuwa amefika shubiri mbili tu. Ukingo wa sahani umejikunja na vidole vyake vinatoka damu. Nikakaa chini na mtoto mapajani. Hakunitazama. Alikwangua, akakwangua, na kila alipokwangua mchanga ulirudi.

Shee alikuja kwa miguu, jembe begani, akasimama juu ya shimo. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kukwaruza.

"Wewe, waliona jembe hili?"

"Naliona," akasema Zakaria, bila kuinua kichwa.

"Basi?"

Zakaria aliendelea kukwangua.

"Sikukuletea wewe," akasema Shee. "Nimelichukua begani kama mchu abebavyo jembe lake. Nimepita. Sasa naenda zangu. Kama una neno, sema."

"Mungu anaijua haja yangu."

"Aijua. Mimi ndiye nisiyeijua. Nambie mimi."

Nilifumbua mdomo niseme mimi, nimalize fedheha ile, mtoto azikwe. Shee aliniinulia kiganja bila kunitazama, kama mtu anayezuia mbuzi asipite. Tukangoja. Nzi walianza kuja kwenye leso na mimi niliwafukuza. Niliona mgongo wa Zakaria ukipanda na kushuka, niliona sahani ikimponyoka, akaiokota, ikamponyoka tena. Kisha akakaa juu ya visigino vyake akainua uso, umejaa mchanga na makamasi, akamtazama yule mtu machoni.

"Naomba jembe," akasema. Akanyoosha mikono. "Naomba jembe, Bwana Shee. Mwanangu amekufa na sina cha kumchimbia."

Shee alimpa. Kisha akageuka akatupa mgongo, akakaa kuangalia upande wa mji kama mtu aliyeona jambo la maana huko, muda wote Zakaria alipokuwa akichimba na kulia kwa sauti. Shimo lilipotosha nilimkabidhi mtoto, akamlaza, tukaomba, tukafukia. Zakaria akalishika jembe kwa mikono miwili amrudishie.

"Lina uchafu," akasema Shee, bado hajalainika hata kidogo. "Lioshe. Kesho asubuhi lilete mwenyewe, usimtume huyu dada. Na ukilileta usiliweke mlangoni ukakimbia kama mwizi. Wapita ndani, wakaa, wanywa kahawa."

Asubuhi yake, kupitia mlango wetu ulioachwa wazi, nilimwona akivuka ua na jembe lililooshwa likang'aa. Wanawake waliokuwa wamechuchumaa jikoni waliacha kupuliza makaa. Akasimama, hajui apite kushoto au kulia kwao, mpaka Bi Mwanaesha aliposogeza goti lake kidogo, naye akapita. Nilimwona amekaa juu ya jamvi la Shee, kikombe kidogo cha buni mkononi, hajui ayaweke wapi macho. Shee hakumsemesha. Alimwongeza kahawa, akamwongeza tena, na Zakaria kila mara alikipokea kikombe kwa mikono miwili.